"Kompyuta inaiba": kisa cha mchezo mmoja wa hisabati Sombetini

Mchezo wenyewe hauhitaji maelezo marefu. Kete 21 zimepangwa mezani, wachezaji ni wawili, wanapokezana. Zamu yako ikifika unachukua kete moja, mbili au tatu. Kupita bila kuchukua hakuruhusiwi. Anayechukua kete ya mwisho ndiye mshindi. Mtoto wa darasa la tatu anazielewa kanuni hizi kabla hujamaliza kuzisema, na ndiyo maana mchezo huu ulichaguliwa kwa klabu ya hisabati inayokutana Jumamosi kwenye ukumbi mdogo Sombetini, Arusha. Wanaokuja ni watoto wa darasa la nne hadi la sita.

Kisa ninachokichambua kilianza pale mchezo huo ulipowekwa kwenye kishikwambi. Programu iliandikwa kwa uangalifu, haikuwa na hitilafu, na watoto waliigombania. Baada ya wiki chache wakaiacha, na kila uliyemuuliza sababu alikuwa na jibu moja: kompyuta inaiba. Haikuwa kweli. Hata hivyo nadhani lile ndilo jambo la maana kuliko yote tuliyoambiwa katika kazi ile, na nataka kueleza kwa nini.

Baki isiyo na kazi

Klabu inaendeshwa na mwalimu wa hisabati ambaye watoto wanamwita Madam tu, kama ilivyo kawaida ya shule zetu. Programu iliandikwa na kijana aliyesoma chuo hapa hapa Arusha, nitamwita fundi. Mimi nilialikwa kutazama watoto wakicheza na kushauri, kwa kuwa kubuni michezo ya aina hii ndiyo kazi yangu.

Madam alikuwa na shida mahususi. Watoto wake wa darasa la tano walijua kugawanya. Ukimpa mtoto 21 gawanya kwa 4, anaandika 5 baki 1 bila kusita. Lakini ile baki kwao ilikuwa takataka ya hesabu, kitu kinachoandikwa pembeni ya jibu kisha kinasahaulika. Hawakuwahi kuiona ikifanya kazi yoyote. Alitaka mchezo ambao ndani yake baki ndiyo inayoamua nani ashinde.

Alikuwa amezichoka programu za hisabati za kawaida: mtoto anajibu 7 mara 8, nyani anaruka tawi moja, anakosea, nyani anaanguka. Ukimwondoa nyani unabaki na karatasi ya mazoezi. Ukiiondoa hesabu, nyani anaendelea kuruka kama kawaida. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia mimi pia: ondoa hesabu, uone kama mchezo unasimama bila hiyo. Ukisimama, hesabu ilikuwa geti la kupitia tu, na mtoto anajifunza kulichukia geti.

Mchezo wa kete 21 hauwezi kusimama bila hesabu. Ukimwachia mwenzako kete 4 amekwisha, maana akichukua moja zinabaki tatu, akichukua mbili zinabaki mbili, akichukua tatu inabaki moja, na vyovyote iwavyo wewe unazoa zilizobaki. Basi 4 ni mtego. Lakini anayetaka kumwachia mwenzake 4 anaweza kuhakikisha hilo kama kwanza amemwachia 8, na kabla ya hapo 12, 16, 20. Vigawe vyote vya 4 ni mitego. Na ukitaka kujua uchukue kete ngapi ili umwachie mwenzako kigawe cha 4, zigawanye kete zilizopo kwa 4 na uchukue baki. Kwa kete 21 baki ni 1, kwa hiyo anayeanza achukue moja. Baki ikiwa 0 huna hatua nzuri. Cheza chochote umngoje mwenzako akosee.

Michezo ya namna hii ina umri. Mfaransa Bachet alichapisha mwaka 1612 mchezo wa kujumlisha hadi 100, kila mchezaji akiongeza namba kuanzia 1 hadi 10. Ndani yake mtego unakwenda kwa hatua za 11. Mwaka 1901, Charles Bouton wa Harvard aliandika nadharia kamili ya mchezo wenye mafungu kadhaa ya kete, akaupa jina Nim. Hisabati yake imekwisha kukamilika. Kazi iliyobaki ni ya mbunifu: kumfikisha mtoto pale bila kumwambia.

Mzee mmoja wa mtaa, mpenzi wa bao, aliuliza kwa nini watoto wasifundishwe bao lenyewe, mchezo wetu wenye heshima. Swali la haki kabisa. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na hesabu anayoibeba mchezaji mzuri kichwani wakati wa kusambaza kete ni kubwa kuliko nyingi tunazowafundisha watoto shuleni. Wamasai wa maeneo haya nao wana enkeshui, mchezo wao wa jamii ya bao. Jibu la Madam lilikuwa kwamba anahitaji mchezo ambao mtoto anaweza kuuona mwisho wake. Katika bao mtoto anajifunza kubeba hesabu ndefu. Katika kete 21 anaweza kufika mahali akasema, "Nitashinda, na naweza kukuthibitishia." Ni mafunzo mawili tofauti, na yeye alilitaka la pili.

Mashine isiyokosea

Fundi alifanya ambacho mtunzi yeyote wa programu angefanya. Kanuni ya ushindi inakaa kwenye mstari mmoja: gawanya kwa 4, chukua baki, kama hakuna baki, chukua yoyote. Akaiandika hivyo. Mtoto aliruhusiwa kuchagua nani aanze, kwa hiyo mashine ilikuwa inashindika.

"Madam, inashindika kabisa," alisema tulipoketi kujadili malalamiko ya watoto. "Mtoto aanze, achukue moja, kisha afuate kanuni."

"Inashindika na nani, mwanangu? Na anayeijua kanuni tayari. Huyo hana haja ya kuja Jumamosi."

Tuliweka hesabu ubaoni. Anayeanza na kete 21 lazima afanye uamuzi sahihi mara tano mfululizo: aache 20, kisha 16, 12, 8, na 4. Hatua ya sita ni ya kuzoa tu. Kila uamuzi una njia tatu, moja tu ikiwa sahihi. Mtoto anayebahatisha ana nafasi moja kati ya 243.

Hiyo bado haikuwa shida yenyewe. Mfikirie mtoto aliyekwisha kugundua kwamba 4 ni mtego. Amefika mbali: amepata robo tatu ya wazo zima. Anaingia kwenye mchezo akiwa na silaha yake, anakosea hatua ya kwanza kwa kuwa hajui habari za 20, na kuanzia hapo mashine inamwachia yeye 16, 12, 8, kisha 4. Nafasi ya kuutumia ujuzi wake haiji kamwe. Anashindwa sawasawa na mtoto aliyekuwa akibonyeza huku anaangalia dirishani. Mashine isiyokosea hailipi chochote kwa ujuzi nusu, na mtoto anayejifunza hana kingine cha kulipwa, maana ujuzi wake wote kwa wakati huo ni nusu.

Ndipo nilipoielewa kauli ya watoto. Mmoja wao, wa darasa la nne, alikuwa amemwambia fundi: "Kaka, hii inaiba. Nikiacha kumi inachukua mbili, nikiacha tisa inachukua moja. Inanichungulia." Isome tena kauli hiyo. Kumi toa mbili ni nane. Tisa toa moja ni nane. Mtoto huyu alikuwa amekusanya ushahidi wote, na ulikuwa sahihi. Kilichokosekana ni kusema kwa sauti kwamba mara zote mbili zimebaki nane. Alikuwa kwenye mlango wa siri, lakini mchezo ulikuwa umemfundisha kwamba ndani ya kishikwambi kuna mtu mwenye nguvu asizoweza kuzipata. Mwenye kushindwa kila mara, ajitahidi asijitahidi, akikata shauri kwamba anaibiwa, amefikiri vizuri kwa taarifa alizonazo.

Jambo hili si geni kwa mashine. Mwaka 1940, kwenye maonyesho ya dunia ya New York, kampuni ya Westinghouse ilionyesha mashine ya kucheza Nim iliyobuniwa na mwanafizikia Edward Condon. Ilicheza takriban michezo 100,000 na ikashinda takriban 90,000. Kwa maonyesho ni fahari. Kwa darasa, kiwango hicho cha kushindwa kinawafukuza watoto wote.

Fundi akajaribu ngazi za ugumu. Katika ngazi rahisi mashine ilichukua kete kwa kubahatisha. Watoto walishinda bila kufikiri, na wakajua kwamba hawakufikiri. Ngazi ya kati ilichanganya: mara icheze kwa kanuni, mara ibahatishe. Watu wengi wa programu huishia hapa, wanarekebisha asilimia mpaka watoto wanashinda kiasi cha kuridhisha. Madam aliicheza mwenyewe, akakirudisha kishikwambi. "Sasa hata mimi sijui nimeshinda kwa akili au imeamua kunionea huruma."

Nakubaliana naye kwa moyo wote. Mpinzani anapokosea, kosa lake liwe na maana. Kati ya watoto wawili, mwenzako anakosea kwa sababu kuna kitu hajakijua, na wewe ukilitumia kosa lake ni kwa sababu wewe umekijua. Mashine inayokosea kwa kurusha sarafu haina kitu isichokijua. Hakuna cha kujifunza kutoka kwenye kosa lake.

Maganda 12 na shanga 33

Mwaka 1961 mtafiti wa akili bandia Donald Michie, akiwa Edinburgh, alitaka kuonyesha kwamba mashine inaweza kujifunza mchezo kwa kushindwa na kushinda. Alichukua maganda 304 ya viberiti, akaweka ndani yake shanga za rangi mbalimbali, kila ganda likisimamia hali moja ya ule mchezo wa kupanga alama tatu mstari mmoja. Mwaka uliofuata Martin Gardner, mwandishi wa michezo ya hisabati, kwenye jarida la Scientific American, alieleza mchezo mdogo zaidi unaohitaji maganda 24 tu. Nilipendekeza tufanye hivyo kwa mchezo wetu, na nje ya kishikwambi kwanza. Shanga Arusha si kitu cha kutafuta. Mama mmoja jirani wa ukumbi, anayeshona mikufu ya kuuzia watalii, alitupa mabaki yake. Kwa kete tulitumia visoda.

Tulipunguza kete kutoka 21 hadi 12. Maganda 12, yameandikwa 1 hadi 12, kila moja likisimamia idadi ya kete zilizopo mashine ikifikiwa na zamu. Ndani ya kila ganda, shanga nyeupe ni "chukua moja", nyekundu ni "chukua mbili", buluu ni "chukua tatu". Ganda la 1 lina nyeupe peke yake, la 2 lina nyeupe na nyekundu, mengine yote yana tatu tatu. Jumla shanga 33.

Mtoto mmoja anacheza dhidi ya mashine, mwenzake anaitumikia mashine: analitikisa ganda, anachomoa shanga bila kutazama, anaiweka mbele ya ganda na kuchukua kete kama rangi inavyosema. Mashine ikishinda, shanga zote zinarudi. Ikishindwa, shanga ya mwisho iliyochezwa inatolewa moja kwa moja. Mashine ikifika kwenye ganda tupu, inakubali kushindwa, na inayotolewa ni shanga iliyoicheza kabla ya hapo. Kuanza wanapokezana.

Mchezo mmoja ulikwenda hivi. Mashine inaanza na 12, inachomoa nyekundu, zinabaki 10. Mtoto anachukua mbili, zinabaki 8. Ganda la 8 linatoa buluu, zinabaki 5. Mtoto anachukua moja, zinabaki 4. Ganda la 4 linatoa nyeupe, zinabaki 3, mtoto anazoa. Shanga nyeupe ya ganda la 4 inatoka, na haitarudi.

Hapa sasa malalamiko ya wizi yalikoma. Kila kitu kiko mezani. Mtoto anauona ujinga wa mashine kwa macho: maganda yamejaa shanga mbaya. Anaona pia kwamba yeye ndiye anayeiondolea ujinga huo, kila anapoishinda. Wakaipa jina Chalii, kama vijana wa Arusha wanavyoitana, na maongezi yakabadilika: "Chalii bado hajui sita." "Mwache, nikimpiga tena atajua."

Nitakaa kidogo kwenye hisabati ya maganda haya, kwa sababu ndani yake mna uzuri ambao sikuutarajia tulipoanza kuyapanga.

Shanga inayotolewa huwa mbaya siku zote. Kama mtoto amezoa kete za mwisho, basi hatua ya mwisho ya mashine iliacha kete tatu, mbili au moja, na hiyo ni hatua mbaya bila ubishi. Kama mashine imekubali kushindwa mbele ya ganda tupu, basi hatua yake ya nyuma ilimruhusu mtoto kuifikisha kwenye ganda ambalo kila njia imekwisha kuonekana kuwa mbaya. Shanga nzuri haiwezi kutolewa kwa bahati mbaya hata mara moja.

Pili, ganda la 4 ndilo linaloanza kuwa tupu kati ya maganda ya mitego. Haliwezi kutanguliwa na la 8, maana shanga ya ganda la 8 inatolewa tu mashine ikikwama kwenye zamu yake inayofuata, na mahali pa kukwama ni ganda la 4 likiwa tupu. Vivyo hivyo la 12 linangoja la 8. Binti mmoja wa darasa la tano, asiyeongea sana, ndiye aliyelisema hili kabla yetu: "La nane haliguswi mpaka la nne liishe." Hiyo ndiyo hoja yote ya kurudi nyuma kutoka mwisho, ambayo nimewahi kuona watu wazima wakielezwa kwa saa nzima bila kuielewa.

Tatu, na hili ndilo lililomfanya Madam asimame. Maganda yakikamilika, la 4, la 8 na la 12 ni matupu. Mengine yote yana shanga moja moja. La 5 lina nyeupe, la 6 nyekundu, la 7 buluu. La 9 nyeupe, la 10 nyekundu, la 11 buluu. Nyeupe, nyekundu, buluu, tupu. Moja, mbili, tatu, sifuri. Ni baki ya kugawanya kwa 4, imepangwa kwa rangi mezani, na hakuna mtu aliyeitaja. Madam alichukua chaki akaandika ubaoni 7 ÷ 4 = 1 baki 3, akawauliza ganda la 7 limebaki na nini. Kelele zilizofuata zilisikika mpaka kwenye kijiwe cha bodaboda.

Shanga nzuri ni 9, mbaya ni 24. Kwa kuwa kila kushindwa kunaondoa shanga mbaya moja, mashine haiwezi kushindwa zaidi ya mara 24, ukiacha pale inapogoma kuanza kwa sababu ganda la 12 ni tupu. Watoto wa darasa la sita waliipata hesabu hii wenyewe walipoulizwa Chalii atakubali kupigwa mara ngapi maishani mwake.

Maganda kama daftari la mwalimu

Faida ambayo walimu wengine walitaka kuielewa zaidi tulipowaonyesha ni hii: hali ya maganda ni taarifa ya kile ambacho watoto wanakijua. Shanga mbaya haiondoki mpaka mtoto ajue kuiadhibu. Kikundi kimoja kilikuwa na ganda la 4 tupu kwa muda mrefu huku la 8 limejaa. Bila mtihani wowote Madam alijua: hawa wanauona mtego wa mwisho, lakini hawajajua kuwaza hatua mbili nyuma. Alikaa nao, akaanzisha michezo kutoka kete 8, mashine ikianza. Haikuchukua muda. Kishikwambi cha mwanzo kingempa asilimia ya ushindi, na asilimia isingemwambia wamekwama wapi.

Mzazi mmoja alikuwa na wasiwasi kuhusu bahati. Mitaa yetu imejaa kubeti, vijana wanashinda kutwa na mikeka ya kubeti mikononi, na yeye aliona watoto wanachomoa shanga bila kutazama. Nililichukulia swali lake kwa uzito, na bado nalichukulia. Katika mchezo huu bahati iko upande wa mashine peke yake, na inazidi kupungua kadiri shanga zinavyotoka. Upande wa mtoto hakuna cha kubahatisha; kila kete anaichukua kwa uamuzi wake. Ndiyo sababu pia tulikataa sarafu za zawadi, nyota na gurudumu la kuzungusha, vitu ambavyo programu nyingi za watoto zimevikopa kutoka huko huko kwenye kamari.

Wazazi wengine waliuliza kama haya yatasaidia kwenye upimaji wa darasa la nne. Kwa sehemu tu. Mchezo huu haumfanyi mtoto awe mwepesi wa jedwali la kuzidisha wala haumfundishi maswali ya mafumbo. Jedwali linahitaji kurudiwarudiwa, na Madam anaendelea kulirudia.

Kurudi kwenye kishikwambi

Fundi aliiandika upya programu. Maganda yanaonekana kwenye kioo muda wote, na shanga zinachomolewa polepole ili mtoto aone rangi kabla kete hazijaondoka. Mashine inapokubali kushindwa, ganda tupu linafunguka na shanga inayotolewa inahesabiwa wazi. Saa ya kuhesabu sekunde imeondolewa. Kila jozi ya watoto inaanza na Chalii wake mpya, asiyejua chochote, na hali yake inahifadhiwa hadi Jumamosi nyingine. Programu yote ni faili moja linalofunguka kwenye kivinjari bila intaneti, kwa hiyo hakuna anayeombwa bando.

Uchache wa vishikwambi tuliuacha ulivyo. Watoto wawili kwa kifaa kimoja walilazimika kukubaliana kabla ya kubonyeza, na kukubaliana kulitaka sababu: "Tukichukua mbili atabaki na nane, ganda lake la nane limebaki na moja." Ningepewa vishikwambi vya kutosha kila mtoto, nisingevigawa.

Kete 21 zimerudi mwishoni kabisa, kama changamoto dhidi ya ile mashine ya kwanza isiyokosea. Safari hii watoto wanaitafuta wenyewe.

Je, wamejifunza kanuni au njia?

Swali hili lilikuwa la Madam, na alilipima kwa kubadili ruhusa: badala ya kuchukua 1, 2 au 3, sasa unachukua 1, 3 au 4. Mbili hairuhusiwi. Wengi walikimbilia vigawe vya 4 au vya 5, wakapigwa. Walikuwa wameshika kanuni kwa moyo, na kanuni imehama.

Binti yule wa darasa la tano aliomba kalamu, akaanza kutoka mwisho. Kete 1: anayecheza anashinda. Kete 2: unaweza kuchukua moja tu, inabaki moja, mwenzako anaimaliza, basi 2 ni mtego. Kete 3 na 4 zinazolewa mara moja. Kete 5: toa 3, umwachie 2. Kete 6: toa 4, umwachie 2. Kete 7: ukitoa 1 zinabaki 6, ukitoa 3 zinabaki 4, ukitoa 4 zinabaki 3, zote ni ushindi wa mwenzako, basi 7 ni mtego. Kisha 9. Akasita, kwa sababu 2, 7, 9 haifanani na kigawe chochote, akamtazama Madam usoni. Madam hakumpa ishara yoyote. Akaendelea: 14, kisha 16, ndipo akaona kwamba mitego inajirudia kila baada ya 7. Kete 21 ni mtego pia, kwa hiyo katika ruhusa hii anayeanza na 21 ndiye mwenye hasara, kinyume cha mchezo wa kwanza.

Wengine hawakuandika. Waliomba maganda mapya. Wakampiga Chalii wa ruhusa mpya mpaka ganda la 2, la 7 na la 9 yakawa matupu, wakafika pale pale. Kwangu mimi njia zote mbili ni ushahidi kwamba wameipata njia, maana hakuna aliyeomba kuambiwa kanuni.

Fundi sasa anataka kuongeza kitufe cha msaada kitakachong'arisha hatua sahihi mtoto akikwama. Madam amekataa, nami nipo upande wake: kitufe hicho kinairudisha ndani ya kioo ile nguvu isiyoonekana ambayo watoto waliita wizi. Tumekubaliana kwamba msaada pekee uwe kuanza na kete chache zaidi.

Hatua inayofuata ni mafungu mawili ya kete tano tano, ambapo unachukua kete zozote unazotaka lakini kutoka fungu moja tu kwa zamu. Kwa kuwa fungu la kete tatu na la kete tano ni sawa na la kete tano na la kete tatu, maganda 20 yanatosha, na yatakayobaki matupu ni yale matano yenye mafungu yaliyolingana. Shida ni shanga: sasa kila moja lazima ionyeshe fungu na idadi kwa pamoja, na rangi zinakuwa nyingi mno kwa watoto kuzikumbuka. Fundi anataka kuandika namba juu ya vipande vya karatasi. Madam anapendekeza shanga kubwa kwa fungu kubwa na ndogo kwa fungu dogo, rangi zibaki zikionyesha idadi ya kete, na tutajaribu la Madam kwanza.